Lichemke Birika, Lisichemke Gari

Mwaka ule jina la familia ya Pascoe lilikuwa limebakiza nafasi moja tu pale kwenye tangi, na mji mzima wa Mundarra ulijua. Tangi lenyewe la maji liko juu ya kilima wanachokiita Nundu, limepakwa chokaa nyeupe ili majina yaliyoandikwa juu yake yasomeke toka barabarani. Kila Januari, jua linapokuwa kali hata mbwa wa kuchunga kondoo hawataki kutoka chini ya malori, familia zenye magari ya zamani hupandisha Nundu, moja baada ya nyingine. Gari linapoondoka chini, kule juu birika la maji baridi huwekwa motoni. Ukifika kabla birika halijachemka, na gari lako nalo halijachemka, jina la familia yenu linabaki kwenye tangi. Ukishindwa miaka mitatu mfululizo, jina linapakwa chokaa. Hakuna kombe wala fedha. Kuna chai, kuna skonzi na jamu, na kuna majivuno ya kukutosha mpaka Januari nyingine.

Ili mtu asidanganye, mwisho wa ule mpira mwembamba unaotoa maji ya ziada kwenye rejeta hufungwa puto la watoto. Gari likichemsha, puto hujaa mvuke likapasuka. Mgeni atacheka, lakini wapo wanaume wazima wa Mundarra waliowahi kutokwa na machozi kwa ajili ya puto.

Nola Pascoe hakulia, ila alikuwa halali vizuri. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mwenye mikono iliyokomaa kwa kukata manyoya ya kondoo, na tangu baba yake afariki ndiye aliyeshika shamba pamoja na mama yake, Ivy. Baba yake, Clem Pascoe, hakuwahi kushindwa na Nundu maisha yake yote. Siri yake ilikuwa wazi kwa kila mtu. Alilegeza bawaba za boneti, akaweka vipande vya chuma chini yake, boneti ikainuka upande wa nyuma kiasi cha vidole viwili, ili joto la injini lipate pa kutokea pale karibu na kioo cha mbele. Watu wakauita mwanya wa Pascoe, na wakauiga wote. Ukipita mbele ya baa ya Reg Hannaford siku ya Jumamosi, utakuta magari yamepangwa na boneti zote zimeinua kisogo. Nola alikuwa anapenda kuyatazama yale magari. Kila boneti iliyoinuka ilikuwa inamtaja baba yake bila mtu kufungua mdomo.

Sasa gari lilelile la kijani, lenye mwanya uleule, lilikuwa limemchemkia Nola miaka miwili mfululizo. Alikuwa amesafisha rejeta, amebadilisha mipira yote, ameweka feni mpya na mkanda mpya. Mwaka wa kwanza puto lilipasuka kwenye kona ya pili, mwaka wa pili likapasuka tangi likiwa linaonekana. Majirani walimpa pole, isipokuwa Gus Trezise, jirani wa ng'ambo ya uzio, aliyekuwa rafiki wa Clem na ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa breki. Gus alisema pale baa kwamba Clem alikuwa na mkono wa gari, na mkono wa gari haurithiwi. Maneno yakafika shambani kabla Gus hajamaliza bia yake.

Mambo yalianza kugeuka mwezi wa Desemba kwa jambo dogo. Nola alitoka kwenye banda la kukatia manyoya, anarudi nyumbani kwa mwendo wa kasi kwenye lami mpya, na kipande cha sufu kilikuwa kimenasa kwenye ukingo wa mwanya. Alikitazama bila kukifikiria. Mkia wa ile sufu, badala ya kupeperuka nje pamoja na joto, ulikuwa umeingia ndani ya boneti. Alipofika nyumbani akafungua, akakuta manyoya mengine yamelala juu ya kabureta, safi, kama yamewekwa kwa mkono. Alisimama pale muda mrefu, na hakuyapenda mawazo yaliyomjia.

Akaingia ndani. Ivy alikuwa jikoni na gurudumu lake la kusokotea.

"Mama, naomba nyuzi zako nyekundu."

"Za nini?"

"Za kubandika kwenye gari la baba."

Ivy alimtazama juu ya miwani. "Gari halisikii baridi, mwanangu."

Hata hivyo alizitoa, na yeye mwenyewe akazikata vipande vya urefu wa kidole. Wakabandika boneti nzima kwa selotepu, kuanzia puani hadi kwenye kioo, na mstari mmoja pale kwenye mwanya. Gari likawa kichekesho. Ivy akapanda kiti cha abiria ili awe shahidi, maana alitaka kuona kwa macho yake na kwa sababu, alisema, gari lile aliolewa nalo pamoja na mwenyewe.

Kwa mwendo wa taratibu, nyuzi za kwenye mwanya zilicheza kwa nje, zikipulizwa na hewa ya moto iliyokuwa inatoka. Ivy akatabasamu. Alimwambia Nola kwamba baba yake hakuwa mjinga, na Nola akajibu kwamba hakuna aliyesema hivyo. Kisha akakanyaga mafuta. Gari liliposhika kasi, nyuzi za kwenye mwanya zililala, zikatetemeka, halafu zote kwa pamoja zikaingia ndani.  Wakageuza, wakarudia, wakarudia tena, na kila mara nyuzi zilisema kitu kilekile: ukienda polepole joto linatoka, ukienda mbio upepo unagonga kioo, unakosa njia, unajitupa ndani ya mwanya. Chumba cha injini kinajaa hewa kama sebule ya msibani, na hewa iliyotakiwa kupita kwenye rejeta inabaki mlangoni.

"Simama kwanza," Ivy alisema.

Walisimama kando ya lami, mbele yao Nundu. Ivy alikaa akizitazama zile nyuzi zilizokuwa zimelala bila kazi.

"Baba yako alikuwa anapanda huku kwenye mawe," alisema baadaye. "Enzi hizo hatukuweka birika motoni. Tuliweka lile sufuria kubwa la kufulia nguo. Lilichukua nusu ya asubuhi kuchemka. Alikuwa anapanda polepole mpaka niliwahi kushuka, nikachuma maua, nikamfuata kwa miguu na nikampata."

Nola hakuhitaji kuelezwa zaidi. Lami ililetwa mwaka ule Clem aliofariki, na kamati ilipoona barabara imekuwa nzuri ikaondoa sufuria ikaweka birika. Tangu hapo kila mtu alilazimika kupanda mbio, na kila mtu alikuwa anapanda mbio na mwanya wa mtu aliyekuwa anapanda polepole. Nusu ya majina kwenye tangi yalikuwa yanapumua kwa shida, na watu walilaumu jua.

Kuziba mwanya lilikuwa jambo dogo, ingawa lilimuuma Nola kuvitoa vile vipande vya chuma ambavyo baba yake alivikata kwa mkono. Jambo kubwa lilikuwa kwingine. Nyuzi za mbele ya boneti, nyuma kidogo tu ya rejeta, zilikuwa zinasimama wima gari likishika kasi, zinavutwa juu. Pale ndipo joto lilikuwa linaomba mlango. Lakini pale hapakuwa na mwanya wala bawaba ya kulegeza. Palikuwa na bati zima la boneti, ambalo Clem alilipaka rangi kwa brashi ya nyumba, na michirizi ya brashi ilikuwa bado inaonekana.

Alipomwambia mama yake, Ivy alikataa. Alisema mwanya ukiuziba leo utaufungua kesho, lakini boneti ukiikata umeikata. Alisema angeweza kuvumilia jina lifutwe kwenye tangi kuliko kuona bati la mume wake linatobolewa na msumeno. Nola naye, ambaye alikuwa na hasira za Pascoe zote, alimjibu mama yake vibaya, kwamba bati limebaki na mwenye bati hayupo, na jina ndilo litakalosomwa na watu. Walikula chakula cha usiku bila kusemezana. Nyama ya kondoo ilipoa kwenye sahani.

Asubuhi Nola alipotoka, alikuta mlango wa gereji uko wazi. Juu ya boneti ya kijani palikuwa na mistari myeupe ya chaki ya kushonea, minene kidogo, imepangwa pale pale nyuzi zilipokuwa zinasimama. Nyuzi zenyewe zilikuwa zimelazwa kando, hazijang'olewa hata moja. Ivy alikuwa bandani anawapa kuku chakula, na hakugeuka. Nola alichukua keekee na msumeno wa chuma, akakata, akakunja kingo za matundu kwa nyundo ndogo zisichane hewa. Tundu la kwanza alilikata polepole. Kwenye la mwisho mkono ulikuwa umezoea, na moyoni alihisi fahari ambayo hakuwahi kuihisi kwa kazi yoyote ya mikono yake.

Siku ya Nundu ilifika na joto lake. Magari yalipopangwa chini ya kilima, watu walilizunguka gari la kijani wakaacha kuongea. Ni jambo moja kuona gari lina matundu. Ni jambo jingine kuona gari la Pascoe, peke yake katika msururu mzima, limelaza kisogo chake chini. Wazee wengine walitikisa kichwa, kana kwamba wamekuta kaburi limechimbuliwa. Gus Trezise ndiye aliyesema.

"Nola, binti yangu, umelitoboa gari la Clem ili uchujie chai?"

"Chai utaikuta juu, mzee Gus. Ukifika."

Watu wakacheka, Gus akacheka zaidi yao. Akaingia kwenye gari lake jekundu lenye mwanya mpana kuliko wote, akaondoka kwa vumbi na kelele. Muda ukapita. Kule juu kitambaa cheupe kikapandishwa, maana yake birika la Gus lilikuwa limechemka na Gus hajatokea. Maji yakamwagwa, mapya yakatiwa, kitambaa kikashushwa. Zamu ya Nola ikawa imefika. Ivy alikuwa ameketi kando yake na mfuko wa turubai wa maji ya kunywa mapajani. Alisema amekuja kuhakikisha pesa ya chaki haijapotea bure.

Gari lilipanda vizuri. Nola alikuwa ameshapanga mwendo wake: si wa kubahatisha, si wa kujionyesha, wa kumfikisha na nafasi kidogo mkononi. Mshale wa joto ulipanda hadi katikati ukakaa. Nyuzi za kwenye matundu zilisimama wima kila moja. Wakapita kona ya kwanza na ya pili, pale puto lilipopasukia mwaka wa kwanza, na Nola akaanza kupumua.

Baada ya kona ya tatu wakaliona gari jekundu limeegeshwa pembeni, boneti juu, mvuke unatoka. Kwa desturi ya Nundu, dereva aliyechemsha husimama kando na kunyoosha dole gumba, maana yake niko salama, pita. Gus hakunyoosha kitu. Alikuwa amekaa chini kwenye kivuli cha gari, ameshika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto.

Katika nchi ile mtu hapiti gari lililokwama. Watoto wanalijua hilo kabla hawajajua kusoma, maana wamewahi kuzikwa watu waliopitwa. Nola alijua pia kwamba kusimama katikati ya mlima ndiko kunakoua gari: upepo unakatika, na joto lote la injini linabaki ndani. Alijua birika liko motoni. Aliyajua yote hayo na mguu wake ulikuwa tayari kwenye breki. Hakuizima injini, ili maji yaendelee kuzunguka.

Gus alikuwa amefungua kifuniko cha rejeta kwa hasira, kikamrukia. Mkono wake kuanzia kiwiko hadi kwenye vidole ulikuwa mwekundu. Ivy alikuwa ameshateremka na mfuko wa maji.

"We mzee mzima," Ivy alisema, akimmwagia maji, "rejeta ya moto unaifungua kama chupa ya bia?"

"Shemeji, usinigombeze. Nimeshagombezwa na gari." Akamgeukia Nola. "Nenda, mama. Birika halikungoji."

"Ingia ndani," Nola alisema.

"Nola, ukinibeba unaongeza uzito. Jina la Clem—"

"Mzee Gus, ingia ndani ya gari."

Aliingia nyuma, Ivy pamoja naye, akiendelea kuumwagia ule mkono maji kidogo kidogo. Nola aliporudi kwenye usukani, mshale ulikuwa umepanda hadi karibu na alama nyekundu. Akatazama mbele na kuona hewa ya moto inatoka kwenye matundu, inatetemeka juu ya boneti, inapanda yenyewe. Matundu yalikuwa yanafanya kazi hata gari likiwa limesimama. Mshale ulitikisika ukakaa pale pale, ukakataa kuvuka.

Nafasi aliyokuwa ameitunza ilikuwa imekwisha. Alichobakiwa nacho ni kukanyaga mafuta kuliko alivyowahi kukanyaga kwenye mlima ule, na gari lililopanda kwa namna ile, kwa hesabu ya kila mtu wa Mundarra, lilikuwa linachemka kabla ya kona ya mwisho.

"Utaliunguza," Gus alisema toka nyuma.

 Nola alikuwa anazitazama nyuzi. Kadiri alivyokanyaga ndivyo zilivyosimama, zimekazwa juu na joto lililokuwa linafyonzwa nje, na zile za karibu na kioo zilikuwa zimelala kwa adabu juu ya boneti iliyofungwa. Polepole, gari likiwa linanguruma kwenye mwinuko mkali kuliko yote, mshale wa joto ulianza kushuka. Gus aliuona. Alikuwa ameinama kati ya viti viwili, ameusahau mkono wake, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue alikaa kimya kwa muda unaohesabika.

"Unashuka," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Unashuka," Ivy alimjibu, "na wewe rudisha mkono wako hapa."

Walitokea juu kwa mwendo ambao haukuwahi kuonekana pale. Reg Hannaford, mwenye baa, ambaye ndiye mwamuzi wa birika, alikuwa amepiga magoti kando ya moto na uso wake karibu na kifuniko. Birika lilikuwa linaimba. Mvuke mwembamba ulikuwa umeanza kutoka mdomoni mwake, lakini kifuniko kilikuwa bado hakijaruka, na Reg, ambaye hajawahi kumwonea huruma hata mama yake mzazi kwenye suala la birika, alinyanyua mkono na kusema bado. Akaja akainama chini ya pua ya gari. Puto lilikuwa linaning'inia pale limelegea, tupu. Kifuniko kikaruka nyuma yake, na umati wote ukasikia.

Kelele zilizopigwa zilifika chini ya kilima. Gus alipelekwa kivulini akafungwa mkono, na alipokuwa anafungwa alikuwa ameshaanza kuwasimulia watu jinsi yeye na Nola walivyopanda. Kisha akauliza kwa sauti kubwa, mbele ya wote, swali ambalo kila mtu alikuwa nalo tumboni na hakuna aliyetaka kulitoa: kwa hiyo Clem alikosea?

Umati ukamgeukia Nola. Alikuwa amesimama na mafuta hadi kwenye nyusi.

"Hakukosea," alisema. "Mwanya wake ni wa mtu anayepanda mawe polepole, sufuria la kufulia likiwa motoni. Angekuwa na lami na birika asingeuweka. Tuliokosea ni sisi. Tulichukua boneti yake tukaacha akili yake."

Wakaanza kuuliza matundu yakatwe wapi, yawe ya urefu gani, na kama anaweza kuwakatia. Nola alikataa. Aliwaambia kila gari lina pua yake, waende kwa mama yake wakaombe sufu, wabandike, wakimbize magari yao, waone wenyewe. Gus alikuwa wa kwanza kuomba, na aliomba rangi ya kijani.

Reg alikuja na kopo la rangi nyeusi na brashi, akamkabidhi Nola ili alipitie upya jina la Pascoe kama ilivyo desturi. Nola alimpa mama yake. Ivy alipanda ngazi mwenyewe, akakataa kushikwa, akazipitia herufi moja moja bila haraka, wakati chai ikimiminwa chini yake. Alipomaliza alishuka, akasimama mbele ya gari la kijani. Akapitisha kiganja juu ya matundu yaliyokuwa bado yanatoa joto, tundu la kwanza, la pili, hadi la mwisho, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi.

"Baba yako angeyakata haya yeye mwenyewe," alimwambia Nola. "Na angeyakata yakaenda upande, yasinyooke kama yako."